Kwa nini riwaya za zamani za saibapanki hazichuji wakati mashine zake zote zimeshapitwa?

#1 KurasaZaNjano

Wakuu salama. Nimetoka kuirudia Neuromancer ya William Gibson, riwaya ya saibapanki (zile hadithi za kubuni za teknolojia ya juu na maisha ya chini), na kuna jambo linanitatiza, naomba tulijadili kwa kina.

Kitabu ni cha 1984. Ukikisoma kwa jicho la fundi utaona karibu kila kifaa kilichomo kimeshapitwa. Mwanzoni tu mwa stori kuna megabaiti tatu za memori ya wizi, Case, yule mdukuzi mhusika mkuu, anazihangaikia, mpenzi wake Linda Lee anamwibia, na ni mzigo wa maana kabisa, wakati leo picha moja ya simu inaweza kuzidi hapo. Simu ya mkononi haipo popote. Kuna akili bandia ina uwezo wa kuchezea watu inavyotaka, sasa inataka kuongea na Case, inafanyaje? Inapiga simu za sarafu zilizopangwa mstari kwenye hoteli moja Istanbul, anapita ya kwanza inalia, anapita ya pili inalia, hivyo hivyo mpaka mwisho wa mstari. Wasovieti nao bado wapo.

Pamoja na yote hayo nimesoma mpaka kunakucha, na nilikuwa najua mwisho wake! Alafu kuna vitabu vya sayansi ya kubuni vya juzi juzi tu, mashine zake ziko sahihi kabisa, nimeviacha njiani.

Mi naamini kinachoshika ni kwamba vinahusu watu wasio na kitu wanaoishi chini ya miguu ya wenye kila kitu, na hilo halijapitwa hata kidogo. Ila nataka kusikia wengine mnaona nini.

#2 Waya Mwekundu

Jibu ni fupi, walitabiri. John Brunner mwaka 1975 kwenye The Shockwave Rider kaandika programu inayojizalisha yenyewe ndani ya mtandao, inatambaa toka mashine hadi mashine na kuiua ni shughuli, akaiita mnyoo. Miaka saba baadae, 1982, watafiti wawili wa Xerox, John Shoch na Jon Hupp, wakachapisha kazi yao ya programu za aina hiyo hiyo na jina wakalitoa kwa Brunner, wakasema wazi. 1988 mnyoo wa Morris ukaangusha maelfu ya kompyuta. Mtu kaandika hayo wakati kompyuta ni mali ya serikali, vyuo na makampuni makubwa, sasa unataka sababu gani nyingine? Tunavisoma kwa sababu vilituona kabla hatujazaliwa.

#3 MzeeWaHadithi

#2 Brunner nakuachia, ingawa hata yeye hakutabiri hewani, alikuwa amesoma Future Shock ya Alvin Toffler ya 1970 na akajenga riwaya juu yake. Ila ukimleta Gibson hoja ya utabiri inakufa palepale.

Gibson hakuwa anajua kompyuta. Neuromancer kaiandika kwa mashine ya taipu ya mkono, Hermes, ya zamani. Alipokuja kununua Apple IIc yake baadae alishangaa kukuta kuna disk drive ndani inazunguka na kupiga kelele, yeye kichwani alikuwa na kitu kisafi, kimya, cha ajabu. Fikiria, mtu aliyelifanya neno saibaspesi lijulikane dunia nzima (lilianza kwenye hadithi yake fupi Burning Chrome, jarida la Omni, 1982) hakuwa amewahi kukaa na kompyuta kiasi cha kujua inatoa sauti gani.

Alichokuwa nacho ni macho. Aliwaona vijana Vancouver kwenye mabanda ya gemu, wameinama, wamezikumbatia zile mashine, na akaona kwamba hawa mioyo yao inaamini kuna mahali nyuma ya kile kioo. Basi. Hakuangalia mashine, aliangalia mgongo wa mtu aliyeinamia mashine. Ndio maana hachuji, migongo yetu bado imeinama vilevile.

#4 Binti Maktaba

Habari zenu. Mzee wa #3 umenena, ila naona wote mnaruka kitu ambacho kiko kwenye ukurasa wa kwanza kabisa: uandishi wenyewe.

Gibson hakuelezi kitu. Anakutupa katikati ya maongezi ya watu ambao wameshajuana, wanataja makampuni, dawa, aina za vifaa, na hakuna mhusika mmoja anayesimama kumweleza mwenzake kitu ambacho wote wanakijua. Unakuwa kama mgeni aliyefika msibani asiyejua marehemu ni nani, unasikiliza, unaunga unaunga mpaka picha inakuja. Picha ikija ni yako, umeifanyia kazi, ndio maana haitoki kichwani.

Mfano mdogo. Molly, yule mpiganaji anayefanya kazi na Case, ana vioo vimepachikwa juu ya macho, vimeshonwa kabisa kwenye ngozi. Mwandishi wa kawaida angetupa ukurasa mzima jinsi vinavyofanya kazi. Gibson anamfanya mzee Ashpool, tajiri ambaye Molly kamvamia nyumbani, aulize tu, kwamba huyu analiaje. Jibu: halii sana, mirija ya machozi imegeuzwa inaishia mdomoni, kwa hiyo anatema. Maneno machache tu, na humo umeshajua upasuaji wa dunia ile ulipofika, umejua Molly ni mtu gani, umejua pia amelipa nini ili awe hivyo. Hata teknolojia ile ikija kesho ikapitwa keshokutwa, hilo jibu litabaki.

#5 Sauti ya Tatu

Mi niliishia ukurasa wa arobaini hivi. Sielewi nani ni nani, sielewi wako wapi, sielewi wanauza nini. Huo ugeni msibani dada Binti Maktaba mi niliondoka kabla ya chakula.

#6 Chuma Chakavu

Hahaha #5 rudi bana.

Wadau mi kazi yangu ni kufufua simu na laptop zilizokufa, na niwaambie kitu kilichonifanya nivipende hivi vitabu. Ndani yake hakuna kitu kipya! Yaani soma riwaya nyingi za anga, kila kitu kinang'aa, kinatoka kiwandani. Kwa hawa jamaa kila kitu kimeshatumika, kimeibiwa, kimefunguliwa, kimefungwa tena na mtu asiyekuwa na kibali. Madaktari wa vichochoroni wanapachika vipuri ambavyo hujui vimetoka mwilini mwa nani.

Johnny Mnemonic, hadithi fupi ya 1981, inaanzaje? Jamaa ana data za watu kichwani ambazo yeye mwenyewe hawezi kuzisoma, ni stoo tu inayotembea, na kuna watu wanamtafuta. Anafanya nini? Anatengeneza bunduki ya kizamani iliyokatwa mtutu. Na risasi zake hazipatikani tena, inabidi achonge maganda mwenyewe kwa mashine ya lathe kutoka kwenye shaba, akatafute na maelekezo ya zamani ya jinsi ya kuzijaza. Akili yake ni kwamba adui wamejiandaa kwa teknolojia ya juu, basi yeye ashuke chini kabisa. Nilivyosoma ile aya nilikiweka kitabu chini kwanza. Huyo ni fundi. Nimeshafanya mambo ya namna hiyo na chaja, kifaa cha kisasa kimegoma, umerudi kwenye transfoma la zamani limekubali.

Na yule pomboo Jones je, aliyekuwa wa jeshi la majini, amestaafu na amebaki teja kwa sababu jeshi ndilo lililomzoesha unga ili afanye kazi. Mnyama katumika katupwa. Sasa huo utabiri wa nini #2, hayo yapo tangu zamani.

#7 Nahodha Karatasi

Mnaenda mbali sana wakuu. Hizi ni hadithi za wizi na upelelezi, mwisho wa hadithi. Toa kompyuta zote kwenye Neuromancer unabaki na nini? Mwizi aliyefilisika, anaokotwa na tajiri wa ajabu, anapewa kazi ya mwisho, timu inakusanywa mmoja mmoja, kuna nyumba isiyoingilika, kuna msaliti ndani ya timu. Ni mtindo wa akina Dashiell Hammett kabisa, miaka hamsini kabla. Watu wanapenda stori za kuvunja nyumba tangu dunia iumbwe.

Angalia George Alec Effinger, When Gravity Fails, 1986. Marîd Audran ni mpelelezi wa mtaani tu, muuaji yuko huru, maiti zinaongezeka. Saibapanki yake ni zile chipu watu wanachomeka kichwani wanapata tabia ya mtu mwingine. Muuaji anachomeka tabia za wauaji. Kitu kitamu sana hicho na bado injini yake ni "nani kaua".

#8 KurasaZaNjano

Asanteni, uzi umeanza kunoga.

#7 sikubali kwamba ukitoa kompyuta stori inabaki ileile. Angalia Case anavyoshikwa. Waajiri wake wa zamani aliwaibia, hawakumuua, walimchoma sumu ya kuvu ikaharibu neva zake asiweze tena kuingia mtandaoni. Yaani wamemwachia uhai wamemnyang'anya kazi. Alafu Armitage, yule tajiri wa ajabu wa #7, anamtengeneza upya, anampa neva nzima, anambadilishia na kongosho ili madawa yasimshike, na hapohapo anamwekea vifuko vya sumu kwenye mishipa vinayeyuka taratibu. Ukimaliza kazi tunavitoa, usipomaliza unarudi ulivyokuwa. Huo si mkataba wa jambazi wa Hammett. Huo ni mkataba ambao mwili wako wenyewe ndio dhamana, na sehemu ya mwili uliyopewa si yako. Mi hapo ndipo ninapoganda, sio kwenye wizi.

#6 ile ya lathe sikuwahi kuitazama hivyo, nitairudia.

#9 Dada Sakiti

Nimesoma posti nane, naona Gibson, Brunner, Hammett, Effinger, Gibson, Gibson. Wakuu, Pat Cadigan yuko wapi?

Ndiye mwanamke pekee aliyeingia kwenye Mirrorshades, ule mkusanyiko wa Bruce Sterling wa 1986 uliowatangaza kama kundi. Synners yake ya 1991 ilishinda tuzo ya Arthur C. Clarke, na Fools ikashinda tena tuzo hiyohiyo miaka mitatu baadae. Kwenye Synners watu wanatobolewa matundu kichwani ili video za muziki zitoke moja kwa moja kwenye ubongo wa msanii, kampuni imelinunua wazo, imelifanya bidhaa. Alafu mmoja wao anapata kiharusi akiwa ameunganishwa. Kiharusi kinaingia mtandaoni! Kinaambukiza wengine. Kwa Gibson mwili ni kitu cha kutoroka, Case anauita nyama kabisa. Kwa Cadigan hutoroki, nyama inakufuata mpaka ndani ya waya.

Na kabla yao wote kuna James Tiptree Jr., jina la kalamu la Alice Sheldon, hadithi ya 1973, The Girl Who Was Plugged In, ikashinda Hugo. Msichana mwenye mwili ambao dunia haitaki kuuangalia anafichwa chini ya ardhi, anaendesha kwa waya mwili wa mrembo aliyetengenezwa maalum ili atembee mbele za watu akitumia bidhaa, kwa sababu matangazo yamepigwa marufuku kwa hiyo inabidi umtumie mtu maarufu aonekane anatumia tu kitu. 1973! Mwenye simu mkononi aniambie hajamuona huyo msichana leo asubuhi.

#10 Waya Mwekundu

Dada #9 asante sana, umenipa silaha bila kujua. Huo si utabiri ni nini?

Na #3, vipi kuhusu Snow Crash? Neal Stephenson, 1992. Metavasi nzima, ile dunia ya kidijitali unayoingia kwa kuvaa miwani, imo humo, na ile Barabara yake inazunguka tufe jeusi, urefu kilomita 65,536, namba ambayo mtu wa kompyuta akiiona tu anatabasamu maana ni mbili kwa kipeo cha kumi na sita. Na neno avata la kuita umbo lako la mtandaoni yeye ndiye alilianzisha. Oktoba 2021 kampuni ya Facebook ikabadili jina ikajiita Meta. Neno metavasi lilitoka kwenye kitabu hicho.

#11 MzeeWaHadithi

#10 avata hapana. Gemu ya Habitat ya Lucasfilm ililitumia katikati ya miaka ya 80, na Stephenson mwenyewe ameliandika hilo nyuma ya kitabu chake, kwamba waliomtangulia walikuwepo.

Ila kwenye Snow Crash kuna kitu kizito kuliko metavasi na ndicho nitakachokupa. Hiro, mhusika mkuu, anaishi wapi? Anaishi kwenye stoo ya kupanga, zile za kuwekea samani, analala humo na mwenzake mwanamuziki. Kazi yake ni kupeleka piza ya Mafia, ikichelewa dakika thelathini ni balaa. Akivaa miwani anatokea kwenye Barabara ana nyumba nzuri mahali pazuri, kwa kuwa alikuwa mmoja wa waliofika mwanzo na kununua viwanja. Sasa waliosoma wakaona metavasi na wakaacha kuona stoo. Stephenson kaviweka pamoja kusudi, ile nyumba inavutia KWA SABABU ya ile stoo. Kwa hiyo hata ukitaka kusema katabiri, sema kakitabiri kitu kizima.

#12 Kalamu2

Mimi nitasema jambo msilolipenda. Vitabu hivi havina mvuto wa kudumu. Muvi na gemu ndivyo vyenye mvuto, na vitabu vinapanda lifti hiyo.

Blade Runner 1982, mvua, taa za neoni, moshi, ule mji usiokuwa na jua. Hiyo ndiyo picha iliyomo kichwani mwa kila mtu. Gibson mwenyewe aliingia kuitazama akiwa bado anaandika Neuromancer, akatoka mapema maana alijua watu watasema kaiba. Alafu Akira, Ghost in the Shell, The Matrix. Mike Pondsmith akatoa gemu yake ya mezani, Cyberpunk, 1988, ikaja kuzaa ile gemu kubwa ya 2020, ikazaa anime ya 2022. Mi mwenyewe nilianzia kwenye gemu, nikatafuta inatokana na nini, nikafika kwenye Hardwired ya Walter Jon Williams, ndipo nikashuka kwa Gibson. Bila gemu nisingefika. Wangapi hapa walianza na kitabu, kweli kabisa?

#13 Binti Maktaba

Nilianza na kitabu. Maktabani, nusu jalada limechanika.

Ila hoja yako #12 haijibu swali. Blade Runner yenyewe imetoka kwenye kitabu, cha Philip K. Dick, 1968, na masikini alifariki Machi 1982 muvi ikiwa haijatoka hata kumbini. Ukikisoma hakifanani na ile picha ya neoni. Kuna vumbi, majengo matupu, na watu wanaona aibu kwa sababu hawana mnyama wa kweli wa kufuga, Deckard, mhusika mkuu, ana kondoo wa umeme juu ya paa na anaomba majirani wasijue. Muvi ikachukua mvua, aibu ya jirani ikaiacha kitabuni. Waliokuja kitabuni kupitia muvi wakakaa, wamekalia nini basi? Sio neoni.

#14 Chuma Chakavu

Kondoo wa umeme akiharibika anapelekwa kwa fundi na gari la fundi limeandikwa kama la hospitali ya mifugo ili jirani asijue. Naipenda sana hiyo sehemu. Mnisamehe, endeleeni.

#15 Mdakuzi Mstaafu

Salaam. Nafanya kazi ya ulinzi wa mitandao na nimekuwa nikifuatilia uzi kimya, acha niongeze upande wangu.

Kazi yenyewe haifanani kabisa na vitabu. Hakuna kuruka juu ya piramidi za mwanga. Ni kusoma logi, ni kumbembeleza mhasibu asifungue kiambatanisho. Lakini karibu wote niliofanya nao kazi wa rika langu waliingia kupitia vitabu hivi, na nadhani kinachowavuta hata sasa ni kitu ambacho kimetoweka: uwezekano wa kutojulikana. Vernor Vinge, True Names, 1981. Humo kila mdukuzi analinda kitu kimoja, jina lake la kweli. Likijulikana kwa serikali umekwisha, wanakugeuza mtumwa wao. Stori nzima imesimama hapo. Sasa hivi tunaingia tukiwa tumeshalitoa jina, na sura, na alama ya kidole, kabla hata ya kuuliza tunaingia wapi. Kwa hiyo mi nikisoma True Names au Burning Chrome sisomi wakati ujao. Nasoma mlango ambao umefungwa.

Na kuna historia yake. Tarehe 1 Machi 1990 Secret Service ya Marekani ilivamia kampuni ya Steve Jackson Games huko Texas, ikabeba kompyuta pamoja na mswada wa GURPS Cyberpunk, kitabu cha kanuni za gemu ya mezani! Walikichukulia kama mwongozo wa uhalifu. Kampuni ilishtaki na 1993 mahakama ikaipa haki. Bruce Sterling, riwaya anazijua, akaacha kubuni akaandika The Hacker Crackdown ya 1992 kuhusu msako wa wakati ule, akaiachia na nakala ya bure mtandaoni. Ukishajua kwamba dola ilikiogopa kitabu cha gemu huwezi kukisoma kizembe.

#16 Nahodha Karatasi

#15 hiyo ya uvamizi sikuijua, asante. Lakini unasifia kutojulikana na Case anajulikana na kila mtu kitabu kizima, Armitage alikuwa na faili lake kamili kabla hajamuona. Molly alimfuata hadi chumbani. Kutojulikana hakuna humo. Kuna mtu anayejulikana na wote isipokuwa yeye mwenyewe hajui anamfanyia nani kazi. Nani kaajiri? Armitage. Nani kamwajiri Armitage? Ndiyo upelelezi huo, narudi kwenye #7.

#17 Dada Sakiti

Nahodha wewe ukipewa hata kitabu cha mapishi utatafuta nani kaua.

#18 Mto Unaokwenda

Kuna kitu hakijasemwa, kinaniudhi kidogo. Ile Japani.

Neuromancer inaanzia Chiba, makampuni yana majina ya Kijapani, pesa ni yeni mpya, majambazi ni yakuza. Huo ulikuwa woga wa Marekani ya miaka ya 80, kwamba Wajapani wanainunua dunia. Mwanzoni mwa miaka ya 90 uchumi wa Japani ukadorora na ule woga ukaisha, lakini mapambo yalibaki, mpaka leo mtu akitaka kuonyesha wakati ujao wa kutisha anaweka maandishi ya Kijapani ukutani na mvua. Wajapani wenyewe wamekuwa pazia. Sehemu ya mvuto ni kwamba msomaji wa Magharibi anapelekwa kushangaa nchi ya watu. Lazima tuliseme hilo tunaposifia mtindo.

Na Effinger wa #7 aliuweka mji wake Mashariki ya Kati, lakini ule mtaa wa Budayeen kautoa kwenye French Quarter ya New Orleans alikokuwa anaishi. Ukilijua hilo unauona kila kona.

#19 KurasaZaNjano

#18 hoja ya haki kabisa. Naongeza tu kwamba Wajapani hawakukaa wakingoja kuchorwa. Akira ya Katsuhiro Otomo ilianza kuchapishwa 1982, kabla ya Neuromancer, na mji wake uliooza ni Tokyo, vijana wake ni wa Tokyo, jeshi linalowasumbua ni la kwao. Woga mwingine kabisa, wa bomu na wa wazee walioshika nchi. Kwa hiyo mtu akisema saibapanki yote ni Wamarekani kuogopa Wajapani, Akira inabaki nje.

#20 Sauti ya Tatu

Nimerudi. Chuma Chakavu kwa sababu yako nimesoma Johnny Mnemonic na Burning Chrome, hadithi fupi zote mbili kwa siku moja, na hizo nimezielewa. Ile ya pili imenikaa. Wanamvunja yule mwanamke tajiri, pesa wanapata, na jamaa mwenye mkono wa bandia, yule Automatic Jack, pesa zimekuja na msichana anaondoka zake na alishakwenda kuyauza masaa yake ili apate yale macho. Mbona hamkusema vina huzuni hivi? Mlikuwa mnasema megabaiti.

Sasa nikirudi Neuromancer nishike nini nisipotee?

#21 Binti Maktaba

Karibu tena! Mshike Dixie Flatline. Ni mdukuzi aliyekufa, ujuzi wake umerekodiwa kwenye kifaa, ukikiwasha anaongea, anatania, anajua kazi kuliko Case. Lakini ukikizima na kukiwasha hakumbuki mlichoongea. Anajua kwamba amekufa. Akiulizwa anataka malipo gani kwa kazi hii anasema kimoja tu, mkimaliza nifuteni. Kila anapocheka, kicheko chake kinamtia Case ubaridi mgongoni. Mi zamani nilikipita haraka nikikimbilia wizi, siku hizi ambapo watu wanalisha mashine ujumbe wa marehemu wao ili ziwajibu, nikifika hapo nasoma polepole sana.

#22 Waya Mwekundu

Dada Binti Maktaba, na hapo napo utasema sio utabiri?

#23 Binti Maktaba

Nitasema. Angekuwa anatabiri angeniambia kifaa kinafanyaje kazi. Kaniambia marehemu anaombaje.

#24 Mdakuzi Mstaafu

Tukiwa kwenye akili bandia, angalieni sheria yake. Wintermute, ile akili bandia ya Neuromancer, ana uraia wa Uswisi wenye mipaka, ila mashine na programu inayomuendesha ni mali ya familia ya Tessier-Ashpool. Raia na mali kwa wakati mmoja. Na kuna polisi wa Turing ambao kazi yao ni kuhakikisha akili bandia haizidi kiwango. Wintermute hataki kuua binadamu wote kama roboti wa muvi, anataka kuunganishwa na nusu yake nyingine, basi, na watu wanakufa njiani kwa sababu hawamhusu. Kwangu huyo anatisha kuliko roboti yeyote mwenye bunduki.

#25 Chuma Chakavu

Hapo #24 inabidi watu wasome Count Zero ya 1986, maana inaonyesha kilichotokea baadae. Huko juu kwenye mabaki ya jumba la Tessier-Ashpool kuna mashine ina mikono mingi, inaokota takataka zinazoelea, kipande cha mfupa, saketi, glavu ya zamani, inapanga ndani ya visanduku. Na vile visanduku vinauzwa duniani kama sanaa, tajiri mmoja anamtuma Marly atafute anayevitengeneza. Naomba mnielewe, katika vitabu vyote vitatu vya mfululizo huu (Neuromancer, Count Zero na Mona Lisa Overdrive) kitu kizuri kuliko vyote kimetengenezwa kwa chakavu.

#26 Nahodha Karatasi

Na Marly anafanya nini kitabu kizima? Anapeleleza.

#27 MzeeWaHadithi

Nahodha safari hii nakuunga mkono nusu. Ila tajiri aliyemtuma Marly, Virek, mwili wake umebaki kwenye pipa huko Stockholm, utajiri wake umekuwa mkubwa mpaka una maisha yake wenyewe, na anavitaka vile visanduku kwa kuwa anaona ni njia ya kutoka humo. Kwa hiyo KurasaZaNjano na #8 yake ya mwili kuwa dhamana nae anapata nusu, kwa sababu hapo mwenye mali nae ni mfungwa. Sasa hapo hoja ya #1 ya walio juu na walio chini inayumba, nadhani ajibu.

#28 KurasaZaNjano

Haiyumbi. Virek ana pipa, ana madaktari, ana ndege za kumtuma mtu popote. Turner kwenye kitabu hichohicho amelipuliwa na bomu ukurasa wa kwanza, akaundwa upya kwa miezi mitatu, na alipopona mwajiri alikuwa anamngoja na kazi nyingine. Wote wawili miili imeharibika, mmoja anapumzishwa mmoja anarudishwa kazini. Nitaandika kwa urefu nikimaliza kuirudia Mona Lisa Overdrive, nina mengi kuhusu mhusika wake Angie.

#29 Dada Sakiti

Ukiwa unarudia, kabla ya Mona Lisa Overdrive soma Synners kwanza, nakuomba. Mwanzoni majina ni mengi na yanakuja kwa kasi, kila sura mtu mpya, usirudi nyuma kutafuta nani ni nani, songa tu, wanakutana. Alafu uje uniambie kuhusu mwili kuwa dhamana, maana Gina na Mark wa humo mkataba wao na kampuni ni mbaya kuliko wa Case na wamesaini wenyewe.